Wiki Ambayo Gazeti Halikufika Isansa

Wasichana wawili niliowaajiri ofisini kwangu Tunduma wana tabia moja ambayo nimeshindwa kuikomesha. Foleni ya malori ikisimama na nyaraka zikikwama upande wa pili wa boda, wanasogeza viti, mmoja anafungua simu, wanaanza kusomeana hadithi. Ni hizi hadithi za mapenzi zinazotumwa kwenye magrupu kipande kwa kipande, leo sehemu ya kumi na nne, keshokutwa ya kumi na tano. Siku ninayoisema, walikuwa kwenye hadithi ya mama mmoja mjane anayempenda dereva wake, kijana mdogo kwake kwa miaka kumi na sita.

"Huyu mama hana haya," alisema yule aliyekuwa anasikiliza. "Sasa hapo anapenda au analea?"

"Wewe subiri," mwenzake akamjibu bila kuinua macho kwenye simu. "Ukifika arobaini unalala na mto, ndiyo utajua."

Kwa kawaida huwa nacheka nao. Siku hiyo niliingia chumba changu cha ndani nikafunga mlango. Ofisi yangu inanuka dizeli ya malori na chipsi za jirani, lakini pale kwenye kiti nilisikia harufu ya maji yaliyooshewa kahawa, ile harufu chachu ya maganda yaliyolala siku mbili kwenye shimo, kama vile mtu ameyamwaga mlangoni pangu.

Niseme kwanza mimi ni nani, maana mtu akianza kusimulia utoto wa shida watu wa rika letu hudhani anaomba huruma. Siombi. Nina stashahada ya ugomboaji na usafirishaji wa mizigo, niliyoisomea jioni huku mchana nikiuza mitumba. Nimefanya kazi Lusaka miaka saba na Ndola miaka miwili, nimerudi nyumbani na mtaji wangu mwenyewe, na leo mwenye mzigo wa shaba akikwama boda namba anayopiga ni yangu. Nyumba yangu ina vyumba vitano, vigae mpaka uani, na hakuna mjomba wala mume aliyeweka hata tofali moja. Vyumba vinne havilali mtu, ila hayo ni mambo mengine.

Nililelewa Isansa, kwenye kahawa. Mama yangu alifariki kabla sijaanza kutambaa, baba akavuka kwenda Zambia kutafuta maisha na maisha yakamshika huko huko. Nikapewa baba mdogo na mkewe Tabitha, ambao hawakujaliwa mtoto. Baba mdogo naye akafariki nikiwa darasa la pili, kwa homa ya siku nne tu. Tukabaki wawili, mimi na mama mdogo, na shamba la kahawa mbele yetu, na nyuma ya uzio wa matete ukoo mzima wa marehemu ukitutazama.

Mama mdogo alikuwa na miaka thelathini na tisa. Nakumbuka hesabu hiyo kwa sababu kila aliyekuja kumshauri aliitaja. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, mchoyo wa maneno. Miezi ya baridi, ukungu unaposhuka Mbozi mpaka huoni ng'ombe wako, tulilala kitanda kimoja, na alikuwa na desturi ya kunishika kifundo cha mguu hadi nipate usingizi, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi asipotee. Sikuwahi kumwita "mama" bila "mdogo". Neno hilo nilikuwa nalisema moyoni tu, nikijaribu lilivyo.

Ninyi mliokulia kwenye kahawa mnajua kazi ya vichanja. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa inaanikwa juu ya vichanja, zile meza ndefu za miti na wavu, na wanawake wanasimama pande mbili kuchambua mbaya. Mikono inakuwa na kazi, macho yanakuwa na kazi, lakini masikio yanakaa bure. Kwetu masikio hayo yalikuwa yangu. Nilikuwa nasoma vizuri kuliko watoto wote wa shule yetu, na nasema hivi bila kuona haya, mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa ananipeleka darasa la sita kuwasomea wakubwa ili waone aibu. Kwa hiyo wanawake wa vichanja, ambao baadhi yao hawakusoma na wengine macho yalishachoka, walinifanya msomaji wao.

Jirani yetu Mama Jeni alikuwa anakwenda gulio la Mlowo kila Jumamosi kuuza ndizi, na anarudi na gazeti la hadithi. Ukurasa wa kati ulikuwa na hadithi ya mapenzi inayoendelea, na juu yake picha ya kuchorwa ya mwanamke mwenye hereni kubwa. Mwanamke huyo aliitwa Bi Salma. Alikuwa mjane tajiri wa Dar es Salaam mwenye nyumba ya wageni, naye alimpenda Dula, fundi umeme wake, kijana ambaye hata mdogo wa mwisho wa Bi Salma alimzidi umri. Jumatatu baada ya shule nilipandishwa juu ya debe, nikafungua gazeti, na vichanja vyote vikanyamaza.

"Haya Msomaji, tuambie," Mama Jeni alikuwa anaanza. "Kale katoto kamerudi?"

"Ni mtu mzima, ana miaka ishirini na sita," nilimjibu siku moja, kwa sababu gazeti lilisema hivyo.

"Ishirini na sita! Maziwa bado yako puani."

"Mwache mwenzio," mwingine akadakia. "Mume alipokufa nani alimfuta machozi? Wewe?"

"Ningemfuta kwa tambara, siyo kwa mtoto wa watu!"

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bibi yangu, mama mzaa baba, ambaye ndiye alikuwa na sauti ya mwisho pale vichanjani, hakuwa anacheka. Alikuwa akitupa punje mbaya kwenye kopo moja moja na kusema, "Mwanamke aliyefiwa ana nyumba ya kuiangalia. Basi." Na mama mdogo alikuwa anachambua kwa kasi kuliko wote, kichwa chini, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Mimi nilidhani hadithi inamchosha. Nikawa nasoma kwa madoido zaidi, naibadilisha sauti ya Dula, naivuta ya Bi Salma, ili naye ainue kichwa anione.

Mashine yetu ya kumenyea kahawa ilikuwa kuukuu, na fundi aliyeihudumia alitoka Isongole, kule Ileje. Aliitwa Ambokile. Alikuwa Mndali mpole mwenye vidole vyeusi vya grisi, anazunguka Mbozi msimu wa mavuno kwa baiskeli akirekebisha mashine za watu. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Ukimpa kitu anakipokea kwa mikono miwili, anasema, "Ndaga," yaani asante kwa kwao, ndipo anacheka. Alinitengenezea kibao cha kukalia ili niache debe, akanifundisha kusikiliza mashine kwa sikio na kujua ni wapi inalia. Mwaka huo mashine yetu iliharibika mno. Nilimwonea huruma Ambokile kwa kuja mara nyingi hivyo, na nilimwonea huruma mama mdogo kwa kuwa na mashine mbovu. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mambo.

Sasa kuna jambo la kikombe, na lazima nilieleze. Katika ukoo wetu mwanaume mwenye mji wake, yaani nyumba na shamba, akifariki, kikombe chake huoshwa siku ya arobaini na kufunikwa kifudifudi juu ya rafu. Hakiguswi. Ukoo ukishaamua nani ataangalia mji ule, mjane humpa mtu huyo kinywaji kwenye kikombe hicho mbele ya watu, na akinywa, ndiye ameingia mahali pa marehemu. Cha baba mdogo kilikuwa kikombe cha bati cha bluu, rangi imebanduka ukingoni mahali alipozoea kuweka mdomo. Kilikuwa kimefunikwa kwa mwaka mmoja na nusu. Kaka yake, baba mkubwa, alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada, anakaa, anatazama rafu, na mama mdogo anamletea chai kwenye glasi. Mimi niliambiwa tu nisikiguse. Nikadhani ni kwa sababu navunja vyombo.

Alasiri moja ya ukungu nilikuwa nimejilaza nyuma ya magunia ukumbini, nikikwepa kutumwa maji. Ambokile alikuwa amemaliza mashine. Mama mdogo akamkaribisha ndani anywe kahawa, akainua mkono kwenye rafu, akakishusha kile kikombe cha bluu. Akakifuta kwa ncha ya kitenge chake, ndani na nje, taratibu, akamimina.

Ambokile alikipokea kwa mikono miwili, lakini hakusema ndaga. Alikitazama.

"Dada Tabitha," akasema. "Hiki?"

"Kunywa."

"Wataniua hawa watu."

"Kunywa, kahawa inapoa."

Akanywa yote kwa mara moja, kama mtoto anayemeza dawa, na macho yakamtoka maji. Nilijua ni moto umemwunguza. Mama mdogo alikipokea kikombe, akakaa nacho mapajani, na akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya tangu msiba. Alicheka, kwa sauti ndogo, mkono mdomoni. Nililala pale nyuma ya magunia nikitamani kujua kilichomchekesha ili na mimi nikifanye.

Wiki iliyofuata gazeti halikuja. Mama Jeni alilinunua kweli, lakini njiani mwanamke aliyepanda naye gari alilichana akafungia dagaa, na kilichobaki kilikuwa kurasa za michezo. Aliniletea hizo hizo, akasema, "Angalia kama Bi Salma yumo humo." Hakuwemo. Niliujua ukweli huo tangu Jumamosi jioni na nikakaa nao siku mbili nzima.

Mtoto ambaye hana mama wala baba anajua vizuri kabisa ni kitu gani kinamfanya apendwe. Changu kilikuwa ni kile kibao. Bila hadithi ningekuwa mtoto wa kutumwa maji kama wengine. Jumatatu nikapanda, nikafungua ukurasa wa michezo, nikausogeza karibu na uso, na nikaanza kusoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Na nilikuwa hodari. Sijui kama katika maisha yangu nimewahi kufanya kazi vizuri kama siku ile. Nilisema Dula alikuja kurekebisha umeme ambao haukuharibika. Nilisema Bi Salma alifunga mlango wa nyumba ya wageni mapema. Niliona wamenyamaza, hata Mama Jeni ameacha mkono hewani, na kwa mara ya kwanza kichwa cha mama mdogo kilikuwa kimeinuka kinanitazama. Nikazidi. Nikasema Bi Salma alinyoosha mkono kwenye rafu akakishusha kikombe cha bluu kilichobanduka ukingoni, kilichofunikwa kifudifudi tangu arobaini ya marehemu, akakifuta kwa ncha ya kitenge, ndani na nje, akamimina kahawa. Na Dula akauliza, "Hiki?" Na Bi Salma akasema, "Kunywa."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia punje zikidondoka kwenye kopo la bibi, halafu zikaacha kudondoka.

"Rudia hapo," bibi akasema.

Nikadhani amependezwa. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kunisifu hata nilipokuwa wa kwanza, alitaka nirudie! Nikakaa vizuri, nikarudia, na safari hii nikaongeza kwamba Dula alimeza mara moja na machozi yakamtoka. Nikatazama upande wa mama mdogo kupokea sifa zangu. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya kahawa, vimetulia, kama mtu anayepasha mikono moto.

Bibi alikuja akaninyang'anya gazeti. Hakujua kusoma, lakini picha alizijua. Akaligeuza huku na huku.

"Bi Salma leo amevaa jezi?" akauliza. "Na hawa wengine kumi, ndugu zake?"

Mama Jeni alijaribu kuniokoa. "Mama, mtoto katunga tu, watoto si wanatunga..."

"Dar es Salaam kikombe kinafunikwa?" bibi akasema. "Nakuuliza wewe. Kinafunikwa?" Akakunja gazeti, akaliweka kifuani, akaingia nyumbani kwetu bila kubisha hodi. Alipotoka alikuwa ameshika kile kikombe. Ndani kulikuwa na duara jeusi la kahawa. Mama mdogo hakuwa amekiosha.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya ibada, mchana kweupe, ndani kwetu. Walikuja baba mkubwa, bibi, wazee watatu na mzee mmoja wa kanisa. Mimi nilikuwa jikoni, na jiko letu lilikuwa limeungana na ukumbi kwa ukuta wa udongo wenye ufa. Nilisikia kila kitu. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hatukufukuzi, shemeji," baba mkubwa alisema. "Kaa, lima, vuna. Lakini kaa kwetu. Umempa kikombe mtoto wa kuzunguka na baiskeli, mtoto ambaye ungeweza kumbeba mgongoni. Watu wanatucheka mpaka Vwawa."

"Sikumbeba," mama mdogo akasema.

"Basi chagua. Ukikaa, kila kitu ni chako kama mwanzo. Ukimfuata, unatoka na nguo zako. Kahawa inabaki."

"Sawa."

"Na mtoto anabaki. Ni damu yetu, hukumzaa."

Nilikuwa nimesoma hadithi nyingi, nilijua kinachofuata. Mwanamke hupiga magoti, au husimama akapiga meza, akasema mtoto huyu simwachi hata mniue. Nilisogeza sikio mpaka udongo wa ukuta ukaniingia sikioni. Nilingoja. Nilisikia mtu akikohoa, jogoo akipita nje, glasi ikiwekwa chini.

"Mtoto ni wa kwenu," mama mdogo alisema. "Najua."

Aliondoka Jumanne asubuhi, ukungu haujapanda. Ambokile alikuwa anamngoja Mlowo barabarani, kwa sababu Isansa asingekanyaga tena. Alikuwa na begi moja tu. Nilikuwa nimevaa sare za shule. Alinifunga kifungo cha juu cha sweta, akakirudia ingawa kilikuwa kimeshafungwa.

"Kahawa ya kichanja cha mwisho haijakauka," akaniambia. "Saa sita jua likiwa kali uifunike. Usisahau."

"Ndiyo, mama mdogo."

Nilielewa kwamba atarudi kuikagua. Mtu hatoi maagizo juu ya kahawa asiyokuja kuiona. Saa sita nilitoroka shule nikaja kuifunika. Kesho yake pia, na keshokutwa. Nikachapwa shuleni na nyumbani, na bado nikaja. Kahawa ikakauka, wakaitia kwenye magunia, wakaipeleka kwenye chama cha wakulima, na mimi bado saa sita nilikuwa nakuja kutandika turubai juu ya kichanja kitupu, nikiweka mawe pembeni upepo usilichukue. Mama Jeni alinikuta siku moja. Alinisaidia kuweka jiwe la nne, akaenda zake.

Baada ya hapo sikusoma tena vichanjani. Mama Jeni alileta magazeti halisi, yenye Bi Salma na hereni zake, akanibembeleza kwa andazi. Nikamwambia macho yananiuma. Yale maandishi niliyaogopa kama mtu aliyewahi kuchezea moto akaunguza banda la watu. Nilihesabu mambo kwa akili ya miaka kumi: nilikuwa na mama mmoja duniani, nikamwondoa kwa mdomo wangu, kwa sababu nilitaka kusifiwa. Kama ningesema tu, "Leo hakuna gazeti," angekuwepo, mkono wake kwenye kifundo cha mguu wangu. Nililala kwa bibi, katikati ya binamu watano, na hakuna usiku niliowahi kujisikia peke yangu kama katikati ya watoto wale.

Mengine mnayajua, ni maisha ya wengi wetu. Nilitoka Isansa nikiwa na miaka kumi na saba. Nilifanya kazi za watu, nikajilipia masomo, nikavuka, nikarudi. Watu wakiniuliza siri ya mafanikio nawaambia ni kutotegemea mtu, nao wanaitikia kwa kichwa kama vile nimewapa dawa. Wanaume wawili walitaka kunioa, mmoja mwema sana. Kila mmoja alipoanza kunizoea nilimtafutia neno la kumwondoa, na nilijua jinsi ya kulipata. Nilikuwa nasema moyoni, wewe una mdomo unaofukuza watu, afadhali ufukuze mapema.

Basi siku ile ya wasichana na simu yao, nilipofungua mlango wa ofisi nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimesikia miaka mingi kwamba mama mdogo na Ambokile wako Isongole, wana duka la vipuri na mashine ya kusaga. Kutoka Tunduma siku hizi ni lami, huhitaji hata kulala njiani. Sikuwahi kwenda. Jumamosi nilivaa gauni langu la Lusaka, nikapakia sukari, mchele, blanketi mbili nzito, nikaendesha mwenyewe. Njiani nilifanya mazoezi ya maneno ya kuomba radhi, kwa sauti, kama nilivyokuwa nafanya mazoezi ya sauti ya Dula.

Niliwaona kabla hawajaniona. Mzee wa kike alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya duka, miguu imevimba magoti, na mwanaume mwenye mvi chache, mnene kiasi, alikuwa amechuchumaa mbele yake akimfunga ukanda wa kandambili. Alimaliza mguu mmoja, akaufuta vumbi kwa kiganja, akahamia wa pili. Hakuwa na haraka. Niliona walikuwa wakibishana juu ya jambo fulani dogo, na mama alimgonga kichwani kwa kidole, naye akacheka.

Mama mdogo alinitambua nilipofunga mlango wa gari. Alisema jina langu lote, la kwanza na la ukoo, kama anayeita mahudhurio ya darasani. Ambokile akasimama, akanipa mkono kwa mikono yote miwili, akaenda dukani kutafuta soda na hakurudi upesi. Nilijua ametuachia nafasi. Mama mdogo aligusa kitambaa cha gauni langu, akauliza bei, akaguna. Nikamweleza habari za ofisi, za stashahada, za nyumba na vyumba vyake. Nilijisifu, ndiyo, nilitaka ajue. Akasema, "Nilijua utafika mbali. Ulikuwa na kichwa."

Ndipo nikayatoa. Nilimwambia, mama mdogo, nisamehe kwa ile hadithi. Nikamwambia juu ya dagaa, na ukurasa wa michezo, na jinsi nilivyotaka ainue kichwa anione. Nikamwambia kwamba nimeishi miaka yote nikijua kuwa mimi ndiye niliyemtoa.

Alinitazama kama anayetafuta nazungumzia nini. Halafu akakumbuka, akacheka, mkono mdomoni, vile vile.

"Yesu wangu! Bibi yako alivyoligeuza lile gazeti." Akajifuta macho. "Hicho ndicho ulichokibeba? Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshaondoka. Vyombo vyangu vilikuwa vimeshafika hapa wiki moja kabla ya hadithi yako, Ambokile alivibeba kidogo kidogo kwa baiskeli. Tulikuwa tunangoja kahawa iuzwe tu. Hukuharibu kitu. Ulituharakisha."

"Kwa hiyo ungeondoka hata hivyo," nikasema.

"Ningeondoka."

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ungelia, wangejua." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. "Na wewe ulikuwa wa kwao. Hilo nililipanga tangu mwanzo, nilijua siwezi kukuchukua. Nilikuwa najizoesha."

Ambokile akaja na soda mbili, moja ya moto na moja ya baridi, kwa sababu hakujua napenda ipi. Nikachukua ya baridi, nikanywa. Tukaongea habari za mvua, na bei ya dizeli, na nani amekufa Isansa. Wakanisihi nilale, nikasema Jumapili nina mzigo. Waliniwekea viazi vitamu kwenye buti, na mama mdogo akasimama kwa shida, akashika dirisha la gari na kuniambia niendeshe taratibu kwenye kona.

Nilisimamisha gari baada ya kilomita kama kumi, nikazima injini. Nilikuwa nimekuja kuutua mzigo na nilikuwa nimeutua, mwenye haki ya kunisamehe alikuwa ameniambia hakuna kosa. Nikangoja kujisikia mwepesi. Kila nilipokumbuka utoto wangu, kulikuwa na mtoto juu ya kibao mwenye nguvu za kutisha, mtoto ambaye neno lake moja liliweza kuvunja nyumba na kumwondoa mtu aliyempenda. Nilimchukia mtoto yule, lakini alikuwa na uzito. Sasa pale barabarani nilimtafuta nisimwone. Nilimwona mwingine tu, mdogo, ameshika gazeti la michezo, anasoma kwa sauti nzuri sana mbele ya mwanamke ambaye alikuwa ameshafunga safari.